Namba Thelathini na Nne

Mimi mpira siujui.
Najua jezi.
Kila Jumapili Saguti wa vifaa hunitupia gunia mlangoni, hapa Makorora,
jezi ishirini na mbili na bukta zake na soksi,
anazihesabu kama pesa za rambirambi,
mia tatu kwa moja, sabuni juu yangu.

Ukifua miaka tisa utajifunza kusoma.
Namba tano huchanika kola: ana mdomo yule, hukunjwa shati.
Kipa, viwiko.
Namba nane hujifuta damu kwa mkono wa kushoto
halafu husema ni tomato.
Namba kumi haanguki, ni jasho tupu,
chumvi mpaka kwapani; ukiiacha ikauke
jezi inasimama yenyewe kama ubao.

Hiyo thelathini na nne ilianza kuja mwezi wa tisa.
Ilirudi ilivyokwenda,
na mikunjo yangu mwenyewe, ya Ijumaa,
na harufu ya begi basi.
Wiki ya pili. Ya tatu. Ya sita.
Waja leo waondoka leo, ndivyo tusemavyo Tanga,
nikadhani na huyu ataondoka hivyo hivyo
kabla kitambaa hakijamjua.

Siku moja akaileta mwenyewe.
Kijana mrefu, shingo imeinama kama ya mtu anayesikiliza ukutani,
Hemedi Mntangi, wa Muheza, mama yake yuko kwenye mkonge.
Akasema, hii usiifue, Mama, haijachafuka.
Alisema chini chini, kama anayekiri wizi.
Nikamjibu: ikishaingia beseni inafuliwa, mimi sichagui.
Nikaisugua kuliko zote, sijui kwa nini,
nikaianika katikati ya kamba
palipo na jua la kwanza.

Wiki ya kumi na moja umeme ulikatika tangu adhuhuri.
Redio ya jirani kimya.
Kule Mkwakwani watu walipiga ukelele mmoja tu,
ukapita juu ya mabati ukafika kwangu umeshachoka,
hujui wa furaha au wa uchungu.

Gunia likaja usiku. Nikawasha tochi ya simu,
nikaiweka mdomoni, nikaingiza mikono.
Ya saba kutoka ilikuwa yeye.

Udongo mwekundu toka bega hadi ubavu.
Majani yamesagwa yakaingia ndani ya uzi.
Na mgongoni, juu kidogo ya ile tatu,
kitambaa kimevutika, vidole vinne na gumba, vinahesabika.
Nilikaa chini, tochi ikaniponyoka.
Mtu havutwi nyuma
asipokuwa mbele.

Magoli hayakai kwenye nguo.
Hayo nilipewa asubuhi na muuza mihogo:
tumefungwa mbili kwa moja,
beki wa kushoto aliteguka dakika ya hamsini,
kocha akatazama benchi, akatazama tena, akamwita mtoto,
na mtoto akapanda na pembeni ile mpaka wakamwangusha ndani ya boksi.
Ile moja yetu ilitoka kwenye penati hiyo.
Hakupiga yeye. Nani angempa?

Sasa sikiliza siri ya wafuaji.
Udongo husubiri, hata wiki.
Majani hayasubiri; yafuliwe usiku ule ule,
yakilala yamehamia.
Mimi usiku ule nilifua ishirini na moja.
Moja nikaitundika msumarini, kavu, na uchafu wake,
nikalala nikiitazama.

Jumatatu alipita akienda mazoezini,
akasimama nje, akaitafuta kambani kwa macho.
Hakuuliza. Nami nilikuwa na mdomo umejaa vibanio.

Imetakata, ipo nyeupe.
Ila begani pana kivuli cha kijani, kadiri ya jani la mchicha,
ambacho hakitatoka tena, Saguti atake asitake.
Atasema nimenunua sabuni feki.
Akate mia tatu yake.